Kompyuta ya Dukani, Programu Isiyo na Leseni: Kagua Kabla ya Kubonyeza PIN

Somo la leo ni la kila mtu anayefanya biashara kwa kompyuta: mwenye saiba, mwenye duka la dawa, mpiga picha, katibu wa chama, mwanafunzi anayepokea kazi za kuchapa. Tumechagua Makongeni, Thika, kama mfano, kwa sababu biashara ndogo ndogo zimejaa pale na watu wengi hununua zile laptopu za mitumba tunazoziita ex-UK. Lakini kama uko Ruiru, Juja au kwingineko, mambo ni yale yale.

Sisi hatuuzi kompyuta. Tunaandika haya kwa sababu pesa za kununua kompyuta nyingi siku hizi hupita kwenye simu, na kwa sababu kompyuta mbovu ndani inaweza kumfungulia mwizi njia ya kufikia akaunti zako na za wateja wako.

Ukimaliza somo hili utajua mambo manne: leseni ni nini, hatari iko wapi, unakaguaje mashine kwa dakika kumi, na ufanye nini ukigundua umeuziwa programu zisizo na leseni.

1. Umenunua vitu viwili, si kimoja

Ukilipia laptopu dukani, unalipia mashine yenyewe, na unalipia haki ya kutumia programu zilizomo. Mashine unaiona. Utaigeuza, utajaribu kibodi, utaangalia kama betri inashika chaji. Haki huioni kwa macho, na hiyo ndiyo leseni.

Katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya maandishi, sawa na kitabu. Kwa hivyo anayenakili Windows kutoka diski moja hadi mashine ishirini bila ruhusa hana tofauti na anayepiga fotokopi kitabu cha mtu na kukiuza.

Dukani utasikia hivi: "Customer, usijali, nimekuwekea Windows, Office na antivairasi, zote bure." Neno la kuangalia hapo ni "bure." Kuna programu ambazo ni za bure kweli, na tutazitaja hapo chini. Windows, na ile Office ya Microsoft inayosakinishwa kwenye mashine, si miongoni mwazo. Kama hakuna aliyelipa mahali popote, basi kuna mtu amevunja kufuli. Mafundi huita kazi hiyo kukraki.

2. Hatari iko wapi hasa

Wengi hudhani hatari ni polisi kuingia dukani. Kusema kweli, kwa mfanyabiashara mdogo hatari ya kwanza ni ile krak yenyewe.

Programu ya kukraki huhitaji mamlaka yote ya mashine ili ifanye kazi yake. Mara nyingi maelezo yake husema: zima antivairasi kwanza. Ni kama fundi wa kufuli usiyemjua akuambie umfukuze mlinzi wa geti ndipo aanze kazi. Anaweza kufungua mlango na kwenda zake. Anaweza pia kubaki na ufunguo, na wewe huna njia ya kujua. Hata yule fundi wa duka huenda hajui, kwa sababu naye aliipakua tu kwenye intaneti.

Mwezi wa Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, programu inayotumiwa sana kukraki Windows na Office, zilivyokuwa zimebeba Cryptbot. Cryptbot ni programu ya wizi: hukusanya paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza na taarifa za pochi za sarafu za kidijitali. Aina nyingine, inayojulikana kama STOP au Djvu, hufunga mafaili yako yote na kudai ulipe ndipo yafunguliwe, na njia yake kubwa ya kusambaa imekuwa ni programu zilizokrakiwa.

Sasa tuilete Makongeni. Tuseme una saiba na ni katikati ya mwezi wa Juni. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, kwa hivyo kuna foleni. Mmoja anataka ritani, mwingine anafungua eCitizen, mwingine anaomba mkopo wa HELB, mwingine ameleta kitambulisho kiskaniwe. Wote wanaandika paswadi zao kwenye mashine moja. Kama ndani ya mashine hiyo kuna kitu kinachonasa kila kinachoandikwa, hakikunasi wewe peke yako. Kinanasa foleni nzima.

PIN yako ya malipo inabaki kwenye simu, na hivyo ndivyo inavyofaa. Lakini angalia vilivyo kwenye kompyuta: barua pepe inayopokea taarifa za till yako, akaunti ya biashara unayofungulia kwenye brauza, orodha ya wateja na nambari zao, nakala za vitambulisho. Mwizi akivipata, anaweza kubadilisha paswadi zako kupitia barua pepe. Anaweza pia kumpigia mteja wako simu akijifanya ni sisi. Atamtaja kwa majina yote matatu, atamsomea nambari ya kitambulisho, atamwambia alilipa nini wiki jana. Mama wa watu atamwamini. Akiombwa PIN ataitoa, na hapo ndipo pesa huondoka.

Kwa hivyo hili si jambo lako pekee. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Na hata bila sheria, aliyekuachia kitambulisho chake amekuamini.

3. Ukaguzi wa dakika kumi

Fanya haya ukiwa bado dukani, kabla hujalipa. Kama tayari umenunua, fanya leo.

*Hatua ya kwanza.* Fungua Settings, kisha System, kisha Activation. Kwenye Windows 10, Activation iko ndani ya Update & Security. Hapo utaona jina la toleo la Windows na kama limewezeshwa. Ukiona maandishi hafifu ya "Activate Windows" pembeni chini ya skrini, basi halijawezeshwa kabisa.

*Hatua ya pili.* Shikilia kitufe cha Windows ubonyeze R. Andika slmgr /xpr kisha ubonyeze Enter. Kisanduku kitakuambia Windows imewezeshwa moja kwa moja, au kitakupa tarehe ya mwisho. Ukiona tarehe iliyo ndani ya siku 180 zijazo, uliza maswali. Huo ni mfumo wa KMS, ambao Microsoft iliutengenezea mashirika makubwa: mashine za shirika huwezeshwa na seva ya shirika lenyewe na kuhuishwa kila mara. Laptopu ya mtu binafsi haina seva ya namna hiyo. Kama inajihuisha yenyewe, kuna kitu ndani kinachojifanya seva.

*Hatua ya tatu.* Rudia vile vile, lakini andika slmgr /dlv. Tafuta neno OEM, RETAIL au VOLUME_KMSCLIENT. Mawili ya kwanza ni ya kawaida kwa mashine ya dukani. La tatu linarudi kwenye swali la hatua ya pili.

*Hatua ya nne.* Angalia majina ya matoleo. Windows "Enterprise" ni toleo la mashirika. Fungua Word, nenda File, kisha Account. Office "Professional Plus" nayo huuzwa hasa kwa mashirika. Kuyakuta majina haya kwenye laptopu ya duka la rejareja hakuthibitishi kosa, lakini kunatosha kuomba karatasi.

*Hatua ya tano.* Fungua Windows Security, kisha Virus & threat protection, kisha Manage settings, ushuke hadi Exclusions. Hii ni orodha ya mahali ambapo mlinzi ameambiwa asiangalie. Kwenye mashine uliyonunua jana, orodha hii inapaswa kuwa tupu. Ukikuta folda yenye jina la KMS, au diski nzima ya C, ujue kuna mtu aliyemwambia mlinzi afumbe macho.

Tahadhari moja: kutoona dalili si cheti. Kuna njia za kukraki zinazoacha skrini ikionekana safi kabisa. Ndiyo maana ukaguzi huu unaenda pamoja na risiti, haukai mahali pake.

4. Huenda leseni unayo tayari

Hili wengi hawalijui. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa kama HP, Dell na Lenovo wamekuwa wakihifadhi ufunguo wa Windows ndani ya ubao mama wa mashine zilizouzwa na Windows. Laptopu nyingi za ex-UK zilitoka ofisini zikiwa na ufunguo wa toleo la Pro. Zilipofika huku, diski ilifutwa, na fundi akamwaga nakala moja ya Enterprise kwenye mashine zote ili kuokoa muda. Yaani aliiba kitu ambacho mashine ilikuwa nacho kihalali.

Kwa mashine kama hiyo, ukisakinisha upya toleo lile lile ililokuja nalo, kwa kutumia faili kutoka tovuti ya Microsoft, mara nyingi inajiwezesha yenyewe ikiunganishwa na intaneti. Hulipii leseni nyingine.

Angalia pia umri wa mashine. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina prosesa za kizazi cha sita. Ukiikuta na Windows 11, muulize muuzaji aliiwekaje, na kama masasisho ya usalama yanaingia.

5. Ukigundua umeuziwa, fuata mpangilio huu

Kwanza, acha kuandika paswadi yoyote kwenye mashine hiyo. Zima Wi-Fi.

Pili, piga picha za skrini kwa simu: Activation, majibu ya slmgr, orodha ya Exclusions, na ukurasa wa Account wa Office. Usifute chochote kwa sasa. Ukifuta, umefuta ushahidi wako.

Tatu, chukua kifaa kingine unachokiamini. Anza na paswadi ya barua pepe, kwa sababu ndiyo inayofungua zile nyingine. Halafu akaunti ya biashara, iTax na eCitizen. Washa uthibitisho wa hatua mbili popote unapopatikana, na uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zako. Kama uliwahi kuandika PIN yako kwenye kompyuta hiyo, hata kwenye noti tu, ibadilishe kwa simu yako.

Nne, pitia taarifa ya miamala yako. Ukiona usioutambua, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja kupitia apu yetu. Mfanyakazi wetu hatakuuliza PIN. Anayeiuliza si wetu.

Tano, kama wateja wako walitumia mashine hiyo, waambie wabadilishe paswadi. Ni mazungumzo magumu, lakini heri wasikie kutoka kwako kuliko kwa tapeli.

Sita, rudi dukani.

6. Dukani: useme nini, na sheria inasemaje

Nenda na risiti, ujumbe wa malipo na picha zako. Sema kwa upole na kwa uwazi: "Niliambiwa hii mashine ina Windows na Office halali. Nimekagua, sivyo. Naomba mniwekee zenye leseni kwa maandishi, au mnirudishie pesa." Toa siku za kujibu, na uandike ujumbe huo pia kwa simu ili ubaki na rekodi.

Nguvu ya maneno yako inatoka hapa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na ilivyoelezwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuwa mwenendo usio wa haki.

Duka likikataa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Malalamiko kuhusu unakilishaji wa programu wenyewe hupelekwa kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Usingoje mwenye programu akupiganie. Mwaka 2001 Microsoft ilifika Mahakama Kuu, Milimani, Nairobi, na madai ya hakimiliki dhidi ya kampuni ya Mitsumi Computer Garage. Uamuzi wa Jaji Ringera katika shauri hilo bado hutajwa na mawakili, ila hutajwa kwa sababu ya taratibu za kuwasilisha kesi. Kesi za namna hiyo ni za mwenye programu na muuzaji. Pesa zako wewe mnunuzi utazidai mwenyewe.

Na tuseme wazi: ukishajua programu haina leseni, huwezi tena kusema hukujua. Kuendelea kuitumia ni uamuzi wako.

Kuhusu malipo, wengi hutuuliza kama tunaweza kurudisha muamala. Kurudisha muamala ni kwa pesa zilizotumwa kwa nambari isiyo sahihi. Ukilipa duka ulilokusudia kulilipa, mzozo wa ubora wa bidhaa ni kati yako na duka. Ndiyo maana tunasisitiza ukaguzi uje kabla ya PIN.

7. Kusafisha kwa njia halali

Ukishakubaliana na duka, au ukiamua kujisafishia mwenyewe, usijaribu kung'oa krak peke yake. Anza upya. Nakili maandishi na picha zako tu kwenye diski ya nje, usinakili programu. Kwenye kompyuta safi, pakua chombo cha usakinishaji kutoka tovuti ya Microsoft ukiweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Pima bando lako kwanza, maana faili ni kubwa, GB kadhaa. Futa diski yote, kisha usakinishe.

Kama leseni haimo na bei inakushinda, kuna njia zisizovunja kufuli la mtu:

- LibreOffice, badala ya Office. Ni bure, na inafungua mafaili ya Word na Excel.
- Google Docs, au Office ya mtandaoni ya Microsoft, ambazo hutumika bure ndani ya brauza ukiwa na akaunti.
- Linux Mint au Ubuntu, badala ya Windows. Ni bure, na zinafaa mashine ya zamani ambayo Windows 11 inaikataa.

Mwenye saiba ajaribu kwanza. Baadhi ya fomu za jedwali zenye makro, kama zile za kodi, zinaweza kukusumbua nje ya Excel. Kama ndiyo kazi yako ya kila siku, nunua leseni moja halali kwa mashine hiyo moja, na zile nyingine uzipe programu za bure. Si lazima kila mashine iwe na kila kitu.

8. Kabla ya kubonyeza PIN

1. Kagua hatua tano za sehemu ya 3 ukiwa dukani.
2. Dai risiti inayotaja mashine, nambari yake ya siri ya kiwandani, toleo la Windows na kama leseni imo. "Laptopu moja" haitoshi.
3. Lipa kwa till au paybill ya duka, si kwa nambari binafsi ya muuzaji. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina hilo na la kwenye risiti yafanane.
4. Hifadhi ujumbe wa malipo.
5. Muuzaji akisema "hiyo Office ni ofa," mwambie aiandike kwenye risiti. Akikataa, jibu umelipata.

Jipime

*slmgr /xpr imeonyesha tarehe ya miezi mitano ijayo kwenye laptopu uliyonunua jana. Maana yake?* Inaelekea imewezeshwa kwa mfumo wa KMS wa mashirika. Acha kuandika paswadi, piga picha, rudi dukani.

*Umegundua krak. Utaanza na paswadi gani, na wapi?* Ya barua pepe, kwenye kifaa kingine. Kubadilisha paswadi kwenye mashine ile ile ni kumsomea mwizi paswadi mpya.

*Laptopu yako ya ex-UK ina Windows Enterprise ya duka. Je, lazima ununue Windows nyingine?* Si lazima. Huenda ufunguo wa Pro umo kwenye ubao mama. Jaribu kusakinisha toleo la Pro upya kabla ya kutoa pesa.

Kama una jirani anayeenda Thika mjini au Luthuli kutafuta laptopu wiki hii, mtumie somo hili kabla hajapanda matatu.